Suruali Iliyoharibikia Mezani

Nilipojua nina mimba ya pili, niliacha kucheka.

Sikuacha kwa huzuni, jamani. Furaha nilikuwa nayo tele, ilinijaa hadi kooni, na hapo kooni ndipo nilipoifungia. Niliacha kucheka kama mtu anavyoacha sukari: kwa kujikaza, huku jicho liko kwenye kopo. Mume wangu akitania, natazama dari. Kuku akiteleza kwenye povu la sabuni, nageukia ukutani. Kicheko kikipanda nakimeza, kinarudi kwa jina la kwikwi, na mama mkwe anakuja mbio na kikombe cha maji.

Sababu ilikuwa hii. Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa changa kabisa, hata tumbo halijajua kuvimba, na iliharibika jioni ya siku niliyocheka kuliko siku zote za maisha yangu. Hakuna aliyeniambia kicheko ndicho kilichoiangusha. Nilijumlisha mwenyewe, hili na lile, nikapata jibu, nikaliamini.

Aliyenichekesha siku hiyo ni Tashtiti.

Tashtiti alikuwa jirani yangu wa cherehani, na jina hilo aliletewa na mdomo wake. Tunashona kwa bosi mmoja ambaye tepu haimtoki shingoni, hata tunamwita Bosi Tepu. Yeye anapima na kukata, sisi tunaunganisha. Cherehani zetu zilikaa ubavu kwa ubavu, tukikanyaga pedali na kupiga soga mpaka bosi agonge mkasi mezani: "Nyie wawili! Nalipa mishono au nalipa maneno?"

Siku hiyo bwana harusi alikuja kujaribu suruali yake. Kitambaa cheusi, laini, cha kumfanya hata mwizi aonekane diwani. Bosi Tepu alikuwa amekikata asubuhi mbio mbio, akaandika kwa chaki "mbele" kwenye vipande vya nyuma, na "nyuma" kwenye vipande vya mbele. Tashtiti, aliyekuwa katikati ya habari ndefu ya jirani yake, alishona akiifuata chaki kama mtoto mtiifu. Zipu ikakaa ilipoambiwa ikae.

Bwana harusi akaingia nyuma ya pazia. Kimya. Tukasikia anajigeuza. Kimya tena. Halafu kichwa kikachungulia, jasho linamtiririka, kikasema kwa adabu kubwa:

"Samahanini, dada zangu. Nyumba nimeipenda. Ila mlango mmeuweka uani."

Hapo ningeweza kujizuia. Lakini Tashtiti akainuka, akajishika nyuma kwa mikono miwili, akaanza kutembea kinyumenyume kuelekea chooni, akitazama juu ya bega kama dereva anayeegesha lori, huku anasema, "Njooni, njooni, njooni... hapo hapo!" Niliteleza kwenye stuli, nikakaa sakafuni katikati ya makombo ya vitambaa, nikacheka hadi sauti ikakatika.

Jioni nikaona damu.

Sitaeleza zaidi. Wanaojua wanajua, na wasiojua Mungu awaepushe. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimeshashona kofia ya kitambaa cha njano, ndogo, ingetosha chungwa, na sikujua niiweke wapi.

Niliporudi kazini nilikuta Tashtiti amehama. Ameikokota cherehani yake hadi mwisho wa chumba, karibu na meza ya pasi, na kuielekeza ukutani. Hakuniambia kwa nini. Sikumuuliza, kwa sababu nilijua: aliamini ameniulia mtoto kwa mzaha. Nilitamani kumwambia si kweli. Lakini mdomo haukufunguka, maana hesabu yangu ilikuwa na jibu lilelile.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipokuja, nilitaka vitu viwili na niliona haviwezi kukaa chumba kimoja. Nilimtaka mtoto. Na nilimtaka Tashtiti arudi ubavuni pangu.

Yeye naye akajipa kazi ya kutonichekesha. Akinisalimia, anasalimia kwa mbali, kwa sauti ya matanga. Wakati wa chakula anasimulia habari za huzuni tu. Lakini mcheshi anayejitia huzuni ni kama bata anayejifunza kunyata.

"Bibi wa jirani yangu amefariki," alianza siku moja, uso ukutani.

"Pole," nikasema.

"Asante. Wameleta jeneza." Akameza tonge. "Jeneza fupi."

Nikashika ukingo wa meza.

"Na bibi alikuwa mrefu," akasema, mabega yakianza kutetemeka. "Siendelei, dada. Wallahi siendelei!"

Nilikimbilia nje nikiwa nimeuma kola ya shati la mteja.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mkwe alikuwa na jibu lake mwenyewe: mimba ya kwanza iliharibika kwa sababu alinipa mashuka nianike, nikanyoosha mikono juu. Basi safari hii akaishusha kamba ya kuanikia nguo hadi usawa wa goti. Mashati yakawa yanafagia uwanja. Kuku wakawa wanaingia mkono wa kushoto na kutokea wa kulia. Kamba hiyo ikakata njia ya chooni, na mama mkwe, ambaye tangu niolewe sijamwona akiruka kamba, waya wala mpira wa maji, ikabidi azunguke nyumba nzima kila anapobanwa.

"Mama, si uruke tu?" nilimwambia.

"Miguu yangu haipendi kuruka, mkamwana. Niache na mwendo wangu."

Na mume wangu, fundi umeme, alisema kosa ni ugomvi wetu wa redio wiki ileile. Kwa hiyo aliamua kukubali kila ninachosema. Asubuhi moja nilimjaribu, nikamwambia leo jua limechomoza magharibi. Akajibu, huku anafunga viatu, "Ndiyo, mpenzi, hata mimi nimeliona."

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini mimi ndiye wa kwanza kuishi nyumba moja na watu wanaovutia lawama kwao.

Siku ya kliniki ikafika. Mama mkwe alinisindikiza akiwa amenishikia mwavuli, na mvua haikuwepo wala jua kali halikuwepo. Langoni tukamkuta Tashtiti, amevaa nyeusi tupu kutoka kichwani hadi viatuni.

"Nani amekufa?" mama mkwe akashtuka.

"Hakuna, mama. Nimekuja kumsindikiza. Nimevaa hivi nisije nikachekesha."

Nikaziba mdomo kwa kadi ya kliniki.

Mkunga aliyetupokea ni mama mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso, ambaye alitukaribisha huku anaitafuta miwani hiyo mezani. Alitutazama watatu tulivyojipanga.

"Karibuni. Nani mgonjwa? Maana wote mna sura ya kulazwa."

"Ni mimi," nikasema. "Nina mimba. Ya pili. Ya kwanza iliharibika mapema."

"Pole sana, mwanangu. Walikueleza sababu?"

Nikafungua mdomo. Sikupewa zamu.

"Sababu ni mimi," mama mkwe akasema. "Nilimwachia mashuka aanike."

"Mama, shuka lina kosa gani?" Tashtiti akadakia. "Sababu ni mimi. Nilimchekesha akaanguka."

"Kicheko ni hewa! Shuka lilikuwa bichi, la kitanda kikubwa!"

"Alianguka kutoka kwenye stuli, mama!"

"Stuli fupi!"

"Usinipunguzie stuli yangu!"

Simu yangu ikalia. Alikuwa mume wangu, yuko juu ya ngazi mahali fulani, nyundo inasikika. Mkunga akaniashiria niweke sauti ya nje.

"Mwambieni nesi," akasema mume wangu akihema, "kama ni suala la ile ya kwanza, ni redio. Nilimfokea kwa sababu ya redio."

Mkunga akaipata miwani yake hatimaye. Akaivaa, akatutazama mmoja mmoja, na simu pia akaitazama.

"Miaka yote hii ya kazi," akasema, "nimeona watu wakikana makosa. Wanaoyagombania sijawaona. Haya, washtakiwa, kaeni. Na wewe wa juu ya ngazi, shuka kwanza ndipo usikilize."

Tukakaa.

"Mtoto anaanza kwa maelekezo," alisema. "Nusu ya baba, nusu ya mama. Yanakutana, yanaungana, halafu yananakiliwa tena na tena mwili unavyokua. Mara nyingine, pale mwanzoni kabisa, kipande kinazidi, au kinapungua. Hakuna aliyegusa. Imetokea tu. Mimba inajitahidi, inafika mahali, inasimama. Hizi zinazoharibika changa, karibu nusu yake na pengine zaidi, sababu ni hiyo."

"Kromosomu," nikasema.

"Umesoma wapi?"

"Masomo ya jioni." Nikaona aibu kidogo. Swali la kromosomu nililijibu kwenye mtihani, nikapata vema, nikaenda zangu nyumbani nikiamini ni habari za wino mwekundu wa mwalimu na mzizi wa kitunguu chini ya hadubini. Sikujua kwamba swali lile lilikuwa linaniuliza habari zangu.

"Na hizo nyingine?" Tashtiti akauliza, kama mtu anayetafuta pa kuiweka hatia yake ili isipotee.

"Zipo sababu nyingine. Malaria isiyotibiwa. Kisukari kilichoachwa kijiendee. Maambukizo, matatizo ya tezi, mfuko wa uzazi wenyewe ulivyoumbika. Umri ukisogea, hatari inasogea. Sigara na pombe haziko upande wa mtoto. Na nyingine hatuzijui, na nikisema hatuzijui, msinijazie ninyi. Zikiharibika mfululizo, tunachunguza. Lakini ikiwa moja, wengi huibeba mimba inayofuata mpaka mwisho wake. Shuka halimo. Kicheko hakimo. Na redio, baba, haimo."

"Hata kama sauti ilikuwa juu?" simu ikauliza.

"Hata kama ilikuwa matangazo ya mpira."

Walicheka kidogo. Mimi sikucheka. Kitu kilikuwa bado kimenikwama, nikakisema kabla ujasiri haujaniishia.

"Lakini ilikuwa siku ileile. Nilicheka mchana, damu ikaja jioni."

Mkunga alivuta kiti chake hadi magoti yetu yakagusana.

"Sikiliza, mwanangu. Mimba husimama kwanza. Damu inafuata baadaye, siku kadhaa, mara nyingine hata wiki na zaidi. Ulipokuwa unacheka, lililokuwa litokee lilikuwa limeshatokea. Damu haikuja kwa sababu ulicheka. Ilikuja kwa sababu ilikuwa njiani. Na hiyo stuli, iwe fupi iwe ndefu, mimba ya wiki hizo imejificha ndani kabisa, nyuma ya mfupa wa nyonga. Haidondoshwi na mtu kukaa sakafuni."

Nilikaa nikalitafakari hilo. Limeshatokea. Lilikuwa njiani. Na ghafla nikaiona ile suruali nyeusi, imelala mezani pa kukatia, chaki nyeupe juu yake.

"Tashtiti," nikasema, "suruali ya bwana harusi iliharibika lini?"

Akanitazama kwa hofu. Suruali ile haikuwa imetajwa kati yetu tangu siku hiyo. "Dada, tusi..."

"Lini?"

"Pale alipoivaa. Alipochungulia pazia."

"Hapo ndipo tulipoona. Iliharibika lini?"

Akafikiri. Niliona mkono wake ukitembea hewani, unarudi nyuma: pazia, cherehani, uzi, mkasi. "Mezani," akasema taratibu. "Iliharibikia mezani. Kwenye chaki. Kabla sijatia uzi kwenye sindano."

"Na ungeishona kimya kimya, bila soga hata moja?"

"Zipu ingekaa uani vilevile."

"Na nisingecheka?"

"Ingekaa uani, na wewe umenuna." Machozi yakaanza kumshuka kwenye zile nguo zake za matanga. Halafu, kwa sababu ni Tashtiti, akapangusa pua na kuuliza, "Kwa hiyo mwenye makosa yote ni Bosi Tepu?"

"Tashtiti!"

"Nauliza tu!"

"Huku kwetu," nikamwambia, "hakuna aliyeshika chaki."

Mkunga alikuwa anatusikiliza miwani ikiwa imerudi kwenye paji la uso. Hakuuliza suruali gani. Nadhani aliona inafanya kazi, akaiacha iendelee.

Ndipo mama mkwe akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Nesi. Na kamba je?"

"Kamba gani, mama?"

"Kabla ya huyu mwanangu wa kwenye simu, kulikuwa na mwingine. Mchanga hivyo hivyo. Jirani akaniambia nimeruka kamba ya mbuzi, ndiyo maana." Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Sijaruka kamba tena."

Nikakumbuka mizunguko yote ile ya kuzunguka nyumba, jua na mvua, na mimi nikidhani ni ukaidi wa utu uzima. Nikamshika mkono.

"Kamba haimo, mama," mkunga akasema.

"Ya mbuzi?"

"Hata ingekuwa ya ng'ombe. Pole, mama. Pole kwa huyo mtoto, na pole kwa miguu."

Baada ya hapo akanilaza kitandani, akanipaka ile gundi yao ya baridi tumboni, akawasha mashine ya picha. "Sitakuahidi lisilo langu kuahidi," aliniambia akiizungusha. "Ukiona damu au maumivu, unakuja siku hiyohiyo, hungoji. Lakini leo tuangalie tulichonacho."

Kwenye kioo palikuwa na ukungu wa kijivu, kama dirisha la jikoni. Katikati ya ukungu pakatokea doa jeusi, na ndani ya doa, kitu kidogo kama punje ya mchele. Na ndani ya punje, kitu kilikuwa kinapepesa, kinapepesa, kinapepesa, kwa haraka ya mtu aliyechelewa kazini.

"Moyo huo," mkunga akasema.

Tashtiti akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. "Mbona anakanyaga pedali hivyo? Nani kampa kazi ya haraka?"

Basi, kile nilichokuwa nimekifungia kooni kikavunja mlango. Nilicheka. Nilicheka kwa wiki zote zile, kwa kuku wa kwenye mikono ya mashati, kwa jua la magharibi, kwa jeneza fupi la bibi mrefu. Tumbo likaruka, picha ikaruka, ukungu ukatikisika.

"Acha kucheka!" mkunga akapaza sauti. "Nimempoteza!"

Tukaganda. Mama mkwe akaukamata mwavuli kama mtu anayezama. Simu ikauliza, "Nini? Nini?"

Mkunga akatutazama, akaelewa alichokisema, akajipiga kofi la paji la uso na kuigonga miwani. "Nimempoteza kwenye kioo, jamani! Tumbo linarukaruka, nitampigaje picha? Tulia. Huyu hapa."

Punje ilikuwa palepale. Haikuwa na habari na sisi. Inapepesa, inapepesa.

"Mnaona?" akasema. "Nyinyi mnacheka, yeye yuko kazini."

Nikacheka tena, machozi yakiingia masikioni. Nilimkumbuka na yule wa kwanza, wa kofia ya njano. Nilimkumbuka bila kujitetea mbele yake.

Tulipotoka nje ya kliniki, Tashtiti alivuta pumzi ndefu, akavua kilemba chake cheusi.

"Sasa nikwambie? Nimekaa na hili kifuani karibu linipasue. Unajua siku ile, katika ile hekaheka ya kukuinua, hakuna aliyeikumbuka suruali?"

"Hamkuirekebisha?"

"Bwana harusi aliondoka nayo! Kesho yake akaoa nayo!"

"Wee!"

"Alirudi juzi kuagiza shati. Anasema kwenye picha zote za harusi ameegemea ukuta. Wazazi wa bibi harusi wakamsifu, kijana gani huyu mwenye heshima, hampi mtu mgongo! Wakati wa kuondoka ukumbini alitoka kinyumenyume, akiwapungia wageni, meza hadi meza, mpaka mlangoni. Wageni wakalia kwa kuguswa." Akatuonyesha mimi na mama mkwe, mkono nyuma, jicho juu ya bega.

Nilikuwa nimekaa chini kwenye ngazi ya kliniki, sijiwezi. "Na suruali? Ameileta mtengeneze?"

"Nilimwambia ailete. Akasema mkewe amekataa. Eti ndiyo suruali pekee inayomfanya amtazame usoni hadi anapotoka nje!"

Mtunza bustani alikuwa amelaza mpira wa maji kukatiza njia ya kwenda langoni. Tashtiti aliuruka, huku ananiambia kesho asubuhi anarudisha cherehani yake mahali pake, Bosi Tepu apende asipende. Nami nikauruka. Kisha tukageuka, kwa sababu mama mkwe hakuwa nyuma yetu.

Alikuwa amesimama mbele ya mpira ule, mwavuli mkononi. Macho yake yakaenda kushoto, kwenye njia ndefu inayozunguka maua na jengo zima. Yakarudi. Nikaanza kumwendea nimshike mkono, akanizuia kwa kidole.

Akaufunga mwavuli. Akakusanya gauni lake. Halafu akatugeuzia mgongo, akajishika nyuma kwa mkono mmoja, akatazama juu ya bega kama dereva wa lori, na kuanza kuja.

"Njooni, njooni, njooni, mama!" Tashtiti akamwita, akipunga mikono. "Kushoto kidogo! Hapo hapo!"

Mguu mmoja ukavuka. Wa pili ukavuka.